Dawa ya Ng'ombe Tumboni mwa Mbwa: Sumu ya Bahati Mbaya Katika Kaya za Wafugaji wa Katavi

Siku ya kuogesha mifugo katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mpanda huanza alfajiri. Ng'ombe hukusanywa zizini, mwenye bomba la kupulizia hujifunga kitambaa usoni, na dawa iliyonunuliwa mjini hupimwa kwa kizibo kisha huchanganywa na maji ndani ya ndoo. Watoto husaidia kuwazuia ndama. Mbwa hulala kivulini, hatua chache kutoka ilipo ndoo. Kazi inapokwisha kila mtu huenda kunawa na kula, na ndoo hubaki palepale ikiwa na mabaki chini yake. Katika saa hizo chache, mbwa mwenye kiu, au mtoto wa mbwa anayetafuna kila akionacho, huifikia dawa ambayo hakutengenezewa yeye.

Makala haya yanaeleza kinachotokea mwilini mwa mbwa au paka anapomeza dawa iliyokusudiwa mnyama mwingine, namna ya kumsaidia, na sababu inayolifanya jambo hilo liwahusu pia watumishi wa zahanati na vituo vya afya. Nyumba ambamo mbwa ameifikia chupa ya dawa ya kupe ni nyumba ambamo mtoto wa miaka miwili naye anaweza kuifikia.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, una mazingira yanayomlazimu mfugaji kuweka dawa nyumbani. Misitu ya miombo ni makazi ya mbung'o, wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Nyasi za masika huleta kupe, na kupe huleta ndigana kali, ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Wafugaji wengi, wakiwamo Wasukuma waliohamia kutoka mikoa ya kaskazini, walikuja na makundi yao na mazoea ya kuyatibu kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa daktari wa mifugo mara nyingi yuko mbali na barabara ya masika haipitiki. Ndiyo maana katika kaya nyingi dawa ya minyoo, sindano ya nagana na dawa ya kuogesha hukaa pamoja chini ya kitanda, juu ya dari la jiko au katika pembe ya ghala la mahindi. Mbwa naye ana nafasi yake katika uchumi huo: hulinda zizi dhidi ya fisi na wezi, na hubweka kabla ya binadamu kusikia chochote. Kaya inayompoteza hupata hasara, hata kama hasara hiyo haiandikwi popote.

Hesabu ya uzito

Sumu nyingi za namna hii hutokana na hesabu. Dawa ya mifugo hutengenezwa kwa kumfikiria mnyama mkubwa, na kwa hiyo kiasi kidogo cha kimiminika hubeba dawa nyingi.

Ivermektini ni mfano mzuri. Dawa hii ilitokana na kazi ya Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, mzaliwa wa Ireland aliyefanyia utafiti wake Marekani. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Hutumika kwa ng'ombe dhidi ya minyoo na wadudu wa ngozi, na kwa binadamu dhidi ya usubi na, pamoja na albendazoli, dhidi ya matende na mabusha. Ile ya sindano kwa ng'ombe, yenye nguvu ya asilimia 1, ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito, yaani miligramu 0.2 kwa kilo. Ng'ombe wa kilo 300 huhitaji mililita 6. Ikiwa mililita hizo 6 zimo katika bomba la sindano lililosahauliwa juu ya gogo, na mbwa wa kilo 15 akalitafuna mpaka likapasuka, atakuwa amemeza miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake, kiasi ambacho ni mara 20 ya kile anachopewa ng'ombe. Mbwa wa kawaida huweza kuanza kuonesha dalili anapofikia takribani miligramu 2.5 kwa kilo. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 akinywa kiasi hichohicho, hesabu inakuwa miligramu 20 kwa kilo.

Kwa kawaida ubongo wa mbwa una kizuizi kinachoirudisha ivermektini kwenye damu kabla haijaingia. Dawa inapokuwa nyingi mno kizuizi hicho huzidiwa. Mboni za macho hutanuka, mbwa huyumbayumba kama aliyelewa, hutokwa na mate, hutetemeka, na huweza kuonekana kipofu. Baadaye hulala na kutoamka. Wako mbwa ambao kizuizi hicho ni kibovu tangu kuzaliwa kwa sababu ya hitilafu ya kurithi, hasa wale wa ukoo wa collie na, kwa kiasi kidogo, baadhi ya mbwa wachungaji wa Kijerumani. Hao huweza kudhurika hata kwa kipimo kinachomfaa ng'ombe kilo kwa kilo. Mbwa wa kienyeji wa Katavi kwa kawaida hawamo katika ukoo huo, lakini mbwa chotara wa ulinzi wanaoletwa kutoka mijini wanaweza kuwamo, na hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kuwatazama.

Hakuna dawa inayoifuta ivermektini mwilini. Jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi ni kwamba mbwa aliyelala fofofo kwa siku nne au tano bado anaweza kupona. Dawa huondoka taratibu, na mnyama huhitaji kugeuzwa upande kila baada ya saa chache, kukingwa na baridi na jua, kulainishiwa macho yasikauke, na kupewa maji kwa njia ambayo daktari wa mifugo ataielekeza, kwa sababu mnyama asiyeweza kumeza akimiminiwa maji mdomoni huyavuta mapafuni. Wengi hufa kwa sababu mwenyewe amekata tamaa siku ya pili.

Dawa za kuogesha

Dawa za kuua kupe zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndizo zinazoachwa wazi mara nyingi na zinatofautiana sana kwa jinsi zinavyodhuru. Kwa macho zote hufanana: zikitiwa maji huwa nyeupe kama maziwa.

Amitrazi huuzwa kwa kawaida ikiwa na nguvu ya asilimia 12.5. Mililita 2 tu za dawa hiyo huchanganywa na lita nzima ya maji. Maana yake ni kwamba tone lililobaki kwenye kizibo, chini ya nusu ya kijiko cha chai, lina dawa sawa na ile iliyomo katika lita moja ya mchanganyiko. Mbwa anayelamba ndoo anaweza kuugua. Anayetafuna chupa ya dawa isiyochanganywa yumo katika hatari kubwa zaidi. Dalili huanza kwa usingizi na ulegevu. Mapigo ya moyo hupungua kasi, mwili hupoa, mnyama hutapika, na sukari ya damu hupanda. Kwa mbwa ipo dawa ya kuipinga, atipamezoli, ingawa ni adimu nje ya miji mikubwa. Inafaa kukumbuka kwamba amitrazi hiyohiyo, ikichanganywa ipasavyo, hutumika kuwaosha mbwa wenye ukurutu unaoletwa na utitiri wa ngozi. Mfugaji anayesema kwamba dawa hii si mbaya kwa mbwa ana ukweli nusu.

Dawa za jamii ya oganofosfeti hushambulia mishipa ya fahamu kwa njia nyingine. Mate na machozi hutiririka, mnyama huharisha na kukojoa ovyo, mboni husinyaa, misuli huchezacheza chini ya ngozi, na kifua hujaa majimaji. Hapa dakika ni muhimu. Atropini ndiyo tiba, na daktari wa mifugo huitumia kwa vipimo anavyovijua. Sumu hii hupita pia katika ngozi, kwa hiyo anayemsafisha mnyama bila glavu anaweza kuugua baada yake.

Kuna kundi la tatu, lile la dawa zilizoundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, kama saipamethrini na permethrini. Hizi humvumilia mbwa kwa kiasi fulani, lakini kwa paka ni balaa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja. Paka hahitaji kunywa chochote: hulala ubavuni mwa ndama aliyepuliziwa asubuhi, hurudi jikoni, huanza kujilamba manyoya kama ilivyo desturi yake, na baada ya saa chache hutetemeka mwili mzima na kupata degedege. Watu husema paka amerogwa au amekula panya mwenye sumu. Kumwosha upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kumkausha na kumpeleka kwa mtaalamu, kunaweza kuokoa maisha yake.

Paka ana udhaifu kama huo kwa dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Ufizi wake hugeuka kahawia, uso huvimba, na pumzi humwishia kwa sababu damu haiwezi tena kubeba hewa. Anayempa paka mgonjwa nusu kidonge kwa huruma anamdhuru.

Chupa isiyo na jina

Duka la dawa za mifugo huuza chupa yenye lebo, lakini mfugaji mwenye ng'ombe watano hahitaji lita nzima. Jirani humgawia kidogo katika chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, au ya soda, na kuanzia hapo dawa haina jina, haina nguvu inayojulikana, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbwa akiitafuna chupa hiyo na kupelekwa kwa afisa mifugo, swali la kwanza, yaani amekunywa nini, halina jibu. Tiba ya amitrazi si tiba ya oganofosfeti, na weupe wa kimiminika hausaidii kuzitofautisha.

Madhara ya dawa iliyopotewa na maelezo yake yalionekana kwa binadamu huko Lithuania mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miongoni mwa dawa za msaada zilizopokewa nchini humo ilikuwamo klosanteli, dawa ya minyoo ya mifugo, iliyofika bila karatasi ya maelezo. Madaktari walijaribu kuitambua kwa kulinganisha jina lake na majina ya dawa nyingine, wakadhani ni ya ugonjwa wa wanawake, wakawapa wagonjwa. Wanawake kumi na mmoja walipoteza uwezo wa kuona kwa muda. Kisa hicho kilitajwa baadaye katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa. Klosanteli hudhuru macho ya mbwa pia. Ikiwa madaktari wa hospitali walikosea kwa kukosa lebo, haishangazi kwamba bibi anayehifadhi chupa tatu zinazofanana katika kapu moja hukosea.

Mbwa anayetokwa na povu

Hapa ipo hatari ambayo ni kubwa kuliko sumu yenyewe. Mbwa anayetokwa na mate, anayeyumba, anayetetemeka na kushindwa kumeza anaweza kuwa amekunywa dawa ya kuogesha. Anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Kwa macho ya mwenye mbwa, na hata kwa macho ya mtaalamu katika saa za kwanza, hali hizi mbili huweza kufanana. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu huua karibu kila mara, na vifo vingi vya ugonjwa huo duniani hutokana na kung'atwa na mbwa.

Kwa hiyo hata pale ambapo ndoo imekutwa imepinduliwa, hakuna mtu anayepaswa kuingiza mkono mdomoni mwa mbwa huyo ili kumtapisha au kumnywesha kitu. Afungwe mahali pa kivuli kwa kamba ndefu au afungiwe katika banda, watoto waondolewe, na anayemshika atumie glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mtu aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate ya mbwa kwenye kidonda, mchubuko, macho au mdomo, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtumishi anayempokea hapaswi kuahirisha chanjo kwa sababu ameambiwa kwamba mbwa alikunywa dawa ya kupe. Ikiwa mbwa yu hai, afisa mifugo humchunguza kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, chanjo iliyobaki huweza kusitishwa kwa ushauri wa kitaalamu. Mbwa mwenye cheti cha chanjo hurahisisha uamuzi huo, lakini haondoi haja ya kuosha jeraha.

Yanayofanyika nyumbani

Desturi ya kumnywesha mbwa maziwa ni ya zamani na ina nia njema. Haizuii sumu hizi. Kwa ivermektini, ambayo huyeyuka katika mafuta, chakula chenye mafuta huweza hata kuongeza kiasi kinachoingia mwilini. Maji ya chumvi yenye lengo la kumtapisha ni hatari zaidi, kwa kuwa chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa. Dawa nyingi za kuogesha zimeyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa; mnyama akitapishwa, vimiminika hivyo huingia mapafuni na kuacha ugonjwa wa pili. Mkaa wa jikoni uliosagwa si sawa na mkaa tiba wa hospitali, ambao umetengenezwa ili unase sumu, na hata huo hapewi mnyama aliyepoteza fahamu.

Kinachosaidia ni kumwondoa mnyama penye dawa, kumwosha kwa sabuni ikiwa imemmwagikia mwilini, na kumpigia simu afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri. Katika simu hiyo yanahitajika mambo machache: jina la dawa na nguvu yake kama ilivyoandikwa, kiasi kinachokisiwa kupungua katika chupa, uzito wa mnyama, na saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Mtaalamu aliyeko Mpanda mjini anaweza kuanza kutoa maelekezo kwa mtu aliyeko Karema au Inyonga ikiwa ametumiwa picha ya lebo inayosomeka. Chupa yenyewe isitupwe. Isafiri pamoja na mgonjwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Mhudumu wa zahanati huombwa mara kwa mara ampe mbwa sindano, kwa kuwa ndiye pekee aliye karibu. Kipimo cha mtoto wa uzito uleule si kipimo cha mbwa, na kukisia hapa huongeza sumu ya pili juu ya ya kwanza. Msaada wake mkubwa ni kusoma lebo, kupiga simu, na kuuliza swali ambalo mwenye mbwa hakulifikiria: nani mwingine alikuwa karibu na ndoo?

Swali hilo lina uzito wake katika mkoa ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku. Mtoto anayeletwa akiwa amelegea, amesinzia na haitiki vizuri hudhaniwa upesi kuwa na malaria kali, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Lakini mtoto aliyekunywa amitrazi naye husinzia, hutapika na kupoteza fahamu. Mapigo yake ya moyo huwa ya polepole, ilhali mtoto mwenye homa kali mapigo yake huenda mbio. Mwili wake huweza kuwa wa baridi. Sukari ya damu, ambayo hushuka mara nyingi katika malaria kali, kwake huweza kuwa juu. Mboni zikiwa zimesinyaa, hali yake hufanana na sumu ya oganofosfeti, ila hana mate, machozi wala majimaji mengi kifuani. Kipimo cha malaria hufanywa vilevile, na kikionesha vimelea mtoto hutibiwa, kwa maana mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mapigo ya moyo, joto la mwili na sukari vikipingana na picha ya malaria, mama huulizwa kuhusu dawa za mifugo, na huulizwa pia kama mbwa, paka au kuku yeyote ameugua au kufa nyumbani tangu jana. Kwa mtoto hakuna dawa ya kuipinga amitrazi. Kinachomwokoa ni kulindwa kwa njia ya hewa, kusaidiwa kupumua, kufuatiliwa moyo wake na kupewa rufaa mapema, na wengi hupata nafuu katika siku moja au mbili.

Mama anayeulizwa hivyo huweza kuogopa kwamba atalaumiwa. Swali likiulizwa kama la kawaida, kama linavyoulizwa lile la chandarua, chupa huletwa kutoka nyumbani kwa pikipiki ndani ya saa moja, na tiba huendelea kwa kujua kilichonywewa.